Nibu iliyosagwa inakata mistari ya kulala: ni ncha au ni wino?

MwandikaVyeti, Umoja
Hamjambo wadau. Kazi yangu ni kuandika majina kwenye vyeti na kadi za harusi, na kalamu yangu ya wino ni Lamy Safari. Nibu, yaani ile ncha ya chuma, ilikuwa B (nene), nikampa fundi akaisaga iwe bapa: mstari wa kushuka mnene, wa kulala mwembamba. Umbo limenipendeza mno, W na M zinatoka kama zimechongwa. Lakini mistari ya kulala inakatika. Ule mstari wa juu wa T unaanza na pengo jeupe, wino unakuja katikati. Jina likiwa refu, mwishoni rangi imefifia. Wino ni Pelikan 4001, karatasi ni Conqueror, ile yenye mistari unayoisikia ukipitisha kidole. Fundi anataka niirudishe aipige msasa tena. Sitaki iguswe kabla sijajua shida ni ncha au ni njia ya wino. Nipime vipi?

WinoMweusi
Usiirudishe kwanza, dada. Ile chembe ngumu ya nchani ikishasagwa hairudi. Chovya ncha kwenye chupa, uandike. Ikiandika vizuri kisha ikaanza kukauka baada ya maneno machache, ncha ni nzima, wino ndio haufiki. Ikikatika hata ikiwa imelowa, basi shida iko nchani.

Mzee wa Ngara
Mwanangu, nilichora ramani kwa kalamu za wino kabla kompyuta hazijaingia ofisini, na jambo hili nalijali sana. Nibu bapa huandika pale tu makali yake yote yanapolala kwenye karatasi. Ukiizungusha kidogo vidoleni, upande mmoja unainuka, mpasuo wa katikati hauigusi karatasi tena, na wino hauna pa kushukia. Kwa hiyo anza na karatasi laini, Conqueror iweke kando. Chora misalaba, kisha nane kubwa zinazofuatana bila kuinua mkono, kulia halafu kushoto, huku ukigeuza kalamu kidogo kidogo. Ukipata mkao ambao haikatiki kabisa, na mkono wako unauweza, ncha imesagwa sawa.

Halafu itazame. Mafundi wa saa wana lupu, kile kioo kidogo cha kukuza, mwombe mmoja akuazime ya mara 10. Elekeza nibu kwenye mwanga wa dirisha. Mpasuo unatakiwa uende ukipungua kuelekea nchani, na mbele kabisa meno mawili, yaani pande mbili za mpasuo, yagusane kwa shida. Usipoona mwanga hata kidogo, meno yamebanana. Jino moja likiwa juu ya jingine, hata kwa unene wa unywele, litakwaruza. Unga wa chuma nao hubaki humo baada ya kusaga. Nibu ya Lamy hutoka kwa kubandika selotepu juu yake na kuivuta mbele taratibu. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha maji safi. Yale ya kisima yenye chumvi hapana, yakikauka yanaacha ukoko.

Selina_K
Mimi ningebadilisha wino pia. Pelikan 4001 ni mkavu, unafaa nibu inayomwaga. Waterman unatiririka zaidi. Na uweke karatasi safi chini ya kiganja: mafuta ya mkono yakishika cheti, wino unakataa hapo hata kalamu iwe nzuri namna gani. Utaona unakataa zaidi chini ya ukurasa, kiganja kilikopita.

MwandikaVyeti, Umoja
Ahsanteni sana. Nimechovya: jina refu lote limetoka bila pengo, T zote nzima. Kwenye lupu mpasuo ni mweusi tii, kutoka tunduni, kile kitundu mpasuo unapoanzia, hadi nchani. Nimeosha, yakatoka maji yenye vumbi la kijivu. Sasa T inaanza vizuri, ila mwisho wa jina bado rangi inafifia.

Mzee wa Ngara
Basi ncha iache kabisa, meno ndiyo yanayobana. Tafuta kijibati cha shaba cha unene wa 0.05 mm, ukipitishe kwenye mpasuo kutoka tunduni kuelekea nchani, bila kulazimisha, kisha uandike ndipo urudie. Rangi ikijaa hadi herufi ya mwisho, simama hapo hapo. Meno yakiachana kupita kiasi wino haufiki nchani tena, na kuyarudisha ni kazi ngumu kuliko kuyalegeza. Na fundi wako mweleze ulichokiona kwenye lupu, maana msasa hauwezi kulegeza meno.