Menyu mpya imependeza, lakini kurasa za makundi zinapotea Google

Mwanakariakoo

Ndugu zangu, ninasimamia tovuti ya duka la vipuri vya pikipiki jijini Dar es Salaam. Hivi karibuni tuliondoa menyu pana iliyoorodhesha makundi yote juu ya ukurasa, tukaweka alama ya mistari mitatu; mteja akiigusa anaona makundi, na akigusa kundi, bidhaa hujitokeza papo hapo bila ukurasa kupakiwa upya. Wanaotumia simu wameifurahia, ila tangu wakati huo mtu akitafuta cheni au sproketi za Boxer hatuonekani tena. Je, kosa ni mistari mitatu? Na je, kuwasilisha ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha anwani za kurasa zake) kwa Google kunatosha?

FundiWavuti

Mistari mitatu haina hatia. Alama hiyo ni kongwe kuliko wavuti wenyewe, kwani Norm Cox aliibuni kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Google husoma kwanza toleo la simu la tovuti, na kilichofichwa ndani ya menyu iliyofungwa huhesabiwa mradi kimo katika msimbo wa ukurasa.

Linalonitia shaka ni kile kilicho nyuma ya jina la kundi. Fungua msimbo uangalie kama neno "Cheni" limeandikwa hivi:

`<span onclick="onyesha('cheni')">Cheni</span>`

Roboti ya Google, yaani programu inayopita ikisoma kurasa, huendesha JavaScript (lugha inayofanya ukurasa uitikie mguso), na tangu mwaka 2019 inatumia toleo la kisasa la Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, lakini haibonyezi vitufe. Kinachoipeleka ukurasa mwingine ni kiungo halisi:

`<a href="/vipuri/cheni">Cheni za pikipiki</a>`

Hamlazimiki kupoteza wepesi mlioupata, kwa sababu mtayarishaji programu anaweza kuacha kiungo hicho mahali pake, kisha akadaka mguso wa mteja, akaonyesha bidhaa papo hapo na kubadilisha anwani iliyo juu ya kivinjari. Asitumie tu `href="#cheni"`, maana kwa kawaida Google haihesabu kinachofuata alama ya reli (#) kuwa ukurasa tofauti.

Mwanakariakoo

Ahsante sana. Nimekuta `span` kama ulivyobashiri, na anwani haibadiliki kabisa. Sasa, vichujio vya aina ya pikipiki, bei na rangi navyo tuvifanye viungo?

Kaskazi_Dev

Hapana, si vyote, na hapa ndipo maduka mengi hujitengenezea mzigo. Aina 6 za pikipiki, viwango 5 vya bei na rangi 4 huzaa anwani 120 kwa kundi moja, kabla hujagusa mpangilio wa "bei ya chini kwanza". Roboti huzunguka humo ikisoma bidhaa zilezile huku bidhaa mpya zikisubiri. Mimi ningepima kwa swali moja: je, kuna mtu anayeandika maneno hayo anapotafuta? Watu hutafuta "cheni ya Boxer", kwa hiyo aina ya pikipiki inastahili ukurasa wake, yaani `/vipuri/cheni/boxer`, wenye kichwa chake na kiungo kinachousema waziwazi badala ya "bofya hapa". Bei na rangi zibaki vichujio tu, na anwani zake zizuiwe katika robots.txt, faili linaloiambia roboti isiingie wapi. Msiongeze `noindex` (amri ya kutoonyesha ukurasa katika matokeo ya utafutaji) katika kurasa mlizozizuia humo, kwa kuwa roboti isiyoruhusiwa kuingia haiwezi kuisoma amri hiyo.

Kuhusu ramani ya tovuti, iwekeni, kwa maana faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Lakini ramani huitajia Google kuwa ukurasa upo. Haionyeshi ukurasa huo unaunganishwa na upi wala kwa maneno gani. Haichukui nafasi ya menyu.

FundiWavuti

Ninakubaliana na Kaskazi, ila kuna jambo hatujaliuliza: anwani za zamani za makundi ziko wapi? Kama menyu mpya ilipokuja kurasa hizo zilifutwa na sasa zinarudisha 404 (ukurasa haupatikani), viungo vipya peke yake havitarejesha nafasi yenu haraka. Ama zirudishwe kwa anwani zilezile, jambo ambalo ndilo bora, ama kila moja ielekezwe kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye kundi linalolingana nayo, si zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Mkimaliza, ingieni Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, mkague anwani ya ukurasa wa mwanzo, kisha mtafute `href="/vipuri/cheni"` ndani ya msimbo ambao Google yenyewe imeuona. Kiungo hicho kisipokuwamo, tuwekee hapa sehemu ya msimbo wa menyu tuitazame.