Tupeane uzoefu: Kuishi na familia mwenyeji Ujerumani ukiwa mwanafunzi wa kubadilishana

Mwanzisha mada

Wakuu, kila mwaka kuna vijana wetu wanaopangiwa familia Ujerumani, Austria au Uswisi kwa mwaka wa masomo. Semina za maandalizi nyingi huishia kwenye "Wajerumani wanajali muda". Hilo halimsaidii mtu aliyesimama jikoni na ganda la ndizi mkononi, mbele yake mapipa manne. Naomba tuweke hapa mambo ya ndani ya nyumba tu: dirisha, mezani, bafuni, taka, funguo. Habari za theluji na picha za Krismasi zina uzi wake.

Kutoka Kassel

Naanza na dirisha, maana ndilo huleta maneno ya kwanza.

Mkono wake una nafasi tatu. Ukielekea chini, dirisha limefungwa. Ukilala, linafunguka kama mlango. Ukielekea juu, linainama ndani kwa juu tu, wenyewe wanaita *gekippt*. Usizungushe mkono dirisha likiwa wazi: linaachia juu na kubaki limening'inia kwenye bawaba ya chini, nawe unadhani umelivunja. Hujavunja kitu. Sukuma kona ya juu ya upande wa bawaba irudi kwenye fremu, ishikilie hapo, kisha rudisha mkono. Ni zito, kwa hiyo ita mtu akusaidie.

Asubuhi na jioni utaambiwa ufanye *Stoßlüften*. Maana yake fungua dirisha lote dakika 5 kukiwa na baridi kali, 10 kukiwa na nafuu, halafu funga kabisa. Kabla ya kufungua, rudisha hita kwenye alama ya nyota, kwa sababu kitufe cha kuizungushia kinapima joto. Kikipigwa na hewa ya nje kinadhani chumba kizima kimepoa, na kinafungulia maji yote ya moto yanayopita ndani ya hita.

Namba za hita nazo hazioneshi nguvu ya moto, bali joto unalotaka chumba kifikie. Namba 3 ni kama nyuzi 20, na kila namba inaongeza au kupunguza kama nyuzi 4. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, kinapitiliza tu kuelekea nyuzi 28 huku bili ikipanda.

Kosa linalowaudhi kuliko yote ni kuacha dirisha limeinama kutwa nzima mwezi wa Januari. Ukuta wa pembeni unapoa, mvuke wa pumzi na nguo mbichi unageuka maji palepale, na baada ya wiki kadhaa unaona ukungu mweusi. Familia ikiwa imepanga, ukungu huo ni kesi kati yao na mwenye nyumba.

Kutoka Leipzig

Saa. Mswahili ana mtego wake wa pekee hapa. Ukisikia *halb acht*, kichwa kinafanya hesabu: *acht* ni saa mbili, *halb* ni nusu, basi saa mbili na nusu. Umechelewa saa nzima! Wao wanahesabu nusu ya kuielekea nane, yaani 7:30, na kwetu hiyo ni saa moja na nusu. Mashariki na kusini kuna kingine: *viertel acht* ni 7:15 na *dreiviertel acht* ni 7:45. Miezi miwili ya mwanzo rudia kwa tarakimu, "sieben Uhr dreißig?", hakuna atakayekucheka.

Wakisema chakula cha jioni ni 18:30, saa hiyo watu wameshakaa. Ukichelewa dakika 10 tuma ujumbe. Ukituma hawana neno. Usipotuma, wanakusubiri bila kula, na hapo ndipo uso unapobadilika.

Kutoka Hamburg (wa Pwani)

Chakula cha jioni nyumba nyingi ni baridi, *Abendbrot*: mkate, jibini, nyama za kukatwa vipande vyembamba, matango. Anayetegemea wali wa moto usiku aseme mapema, na bora zaidi ajitolee kupika siku moja ya wiki.

Kwa Waislamu, usiishie kusema "sili nguruwe". Mwenyeji atakuondolea *Schinken* (paja la nguruwe) na *Speck* (bekoni) akaona kamaliza. Muoneshe na *Gelatine* (mara nyingi hutokana na nguruwe) iliyomo kwenye peremende za kutafuna na baadhi ya vitindamlo, *Schmalz* ya kupaka mkate (kwa kawaida mafuta ya nguruwe), na *Mett*, ambayo ni nyama ya nguruwe ya kusaga inayoliwa mbichi. *Geflügelwurst*, soseji ya kuku, soma nyuma ya pakiti, maana nyingine huchanganywa mafuta ya nguruwe. *Leberkäse* jina lina jibini (*Käse*) ndani yake, lakini sahanini hakuna jibini, na mara nyingi kuna nguruwe.

Jingine: ukikaribishwa chakula ukajibu *Danke* (asante) peke yake, wanaelewa umekataa. Ukitaka, sema *Ja, gerne*. Na hawakukaribishi mara tatu kama kwetu. Ukikataa kwa adabu ya kwanza, sahani imepita.

Swali

Na wazazi unawaitaje? Kumwita mtu mzima jina lake mdomo unakuwa mzito.

Kutoka Kassel

Wengi watakwambia uwaite kwa jina la kwanza na utumie *du*, yaani "wewe" ya watu wa karibu. Wafuate. Ukishikilia *Sie*, ile "wewe" ya heshima, wanahisi umejitenga. Majirani, walimu na bibi wa ghorofa ya chini waite *Sie* mpaka wao wenyewe waseme vingine. Na unapoongea na mtu mzima mtazame usoni. Kuinamisha macho kwetu ni heshima, kule wanaona unaficha jambo.

Kutoka Stuttgart

Taka sasa. Rangi zinatofautiana kwa mji, ila kwa kawaida pipa la kahawia ni la maganda na mabaki ya jikoni, la bluu karatasi, la njano (au mfuko wa njano) ni vifungashio vya plastiki na makopo, na jeusi au kijivu ni mabaki yote mengine. Wageni hukosea hapa: boksi la piza lililolowa mafuta haliendi kwenye karatasi, risiti za dukani nazo haziendi. Chupa za kioo zisizo na amana hupelekwa kwenye makontena ya mtaani, kwa rangi, na siyo Jumapili, kwa sababu ya kelele.

Chupa za amana, *Pfand*, zinarudishwa dukani. Za plastiki za kutumika mara moja na makopo ni senti 25, ya bia ya kioo kwa kawaida senti 8. Usiziponde wala kubandua karatasi yake, mashine inasoma alama.

Na ukipangiwa Stuttgart, uliza kuhusu *Kehrwoche*. Kuna kibao kinachoning'inizwa mlangoni kwa zamu, na wiki hiyo ngazi na njia ni zenu kufagia. Majirani wanaangalia kweli.

Kutoka Köln

Dada zangu wa rasta na nywele za kusuka: weka kichujio cha nywele kwenye tundu la bafu tangu siku ya kwanza, ni kitu cha euro chache. Nyuzi za bandia haziozi, zinajifunga na sabuni hadi bomba linaziba. Mafuta ya nywele yanaacha doa kwenye mto, basi lala na kilemba au leta foronya yako ya rangi nzito.

Ukimaliza kuoga, futa kioo cha bafu kwa kile kifutio cha mpira. Maji ya sehemu nyingi yana chokaa, yakikauka yanaacha madoa meupe. Kaka zangu, chooni mnakaa. Mkisubiri kuambiwa, mmeshachelewa.

Kutoka Zürich

Sehemu nyingi za Uswisi taka za kawaida zinaingia kwenye mifuko maalumu ya kulipia. Ukitupa kwenye mfuko wa kawaida, familia inaweza kupigwa faini. Kwenye jengo la ghorofa kufua kuna ratiba, siku ya jirani usiiguse.

Kutoka Kassel tena

Naongezea karatasi. Ujerumani, ndani ya wiki mbili tangu kuhamia unatakiwa kusajiliwa ofisi ya wakazi, na anayekupa makazi anasaini fomu ya kuthibitisha hilo, *Wohnungsgeberbestätigung*. Siku hiyohiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Jina lisipokuwepo, tarishi anarudisha barua, hata yenye kadi ya benki.

Mlango wa nje ukiuvuta unajifunga, na nje hakuna kitasa cha kuzungusha. Toka na ufunguo hata ukienda kutupa taka. Ukipoteza ufunguo wa jengo huenda vitasa vya watu wote vikabadilishwa, kwa hiyo uliza kama bima yako ya dhima, *Haftpflicht* (inayolipa hasara unayowasababishia wengine), inagharamia funguo zilizopotea. Fanya hivyo kabla hujapewa ufunguo.

Swali

Zawadi je? Mama anataka nibebe samli na maembe.

Kutoka Hamburg (wa Pwani)

Samli na nyama kavu zitabaki uwanja wa ndege, vyakula vya nyama na maziwa haviingii Ulaya. Embe linadai cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi, ndizi na tende hazidai. Chukua kahawa, majani ya chai na kanga mbili, na uwe tayari kuwatafsiria maandishi ya kanga, kwa hiyo mwambie mama achague jina lisilo la kumsuta mtu.