Nampeleka mama Capri siku moja na goti lake bovu: tuchukue tripu yenye mwongozaji au twende wenyewe?

Binti wa Makorora aliandika:
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo maana nimezunguka mitandaoni mpaka macho yameuma na kila mtu anasema lake. Niko Stuttgart nafanya kazi ya uuguzi, mwezi wa tisa mama yangu mzazi anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 64, mtu wa Tanga, mchangamfu kweli, ila goti la kushoto linamsumbua toka mwaka juzi. Kutembea anatembea vizuri tu, ngazi ndo kesi. Tutakuwa Italia siku nne, Napoli, na yeye anachotaka ni kimoja, "kuiona bahari ya wenzetu".

Sasa nimeona tripu za siku nzima za boti ndogo zinazoondokea Sorrento (mji wa pwani karibu na Napoli), watu kama 12 na nahodha na mwongozaji, mnazunguka kisiwa chote cha Capri, mnaogelea, mnapelekwa Grotta Azzurra lile pango la bluu, halafu wanawaacha kisiwani kama masaa manne mjizungushe wenyewe. Yuro 110 kwa kichwa na pango unalipia pembeni. Kwa wawili hiyo ni hela jamani, mshahara wangu mnaujua ulivyo. Au tupande boti ya abiria ya kawaida twende kivyetu? Na hilo pango lina maana au ni la kupigia picha tu? Tafadhali msinijibu "mpeleke Unguja", Unguja anaijua kuliko mimi, alikuwa anapeleka dagaa huko mi sijazaliwa.

Mzee wa Kasia alijibu:
Mi nilienda mwaka juzi na mke wangu kwa tripu ya kundi kubwa kutokea Napoli, nakusimulia ili usirudie. Tulikuwa watu arobaini na kitu, mama mmoja mbele kashika mwavuli wa njano juu kama bendera ya daladala, sisi nyuma tunakimbizana. Tumeshuka Marina Grande (ndo bandari yao), tukasimama kwenye foleni ya kile kitreni cha kebo kinachopandisha watu mjini, dakika arobaini juani, kumbe safari yenyewe ni dakika nne. Tukafika Piazzetta, ule uwanja wao mdogo wenye saa, mama wa mwavuli akasema mna dakika ishirini. Dakika ishirini! Mke wangu alitumia kumi kutafuta choo.

Na pango halikufunguliwa siku hiyo, bahari ilikuwa imechafuka. Hawakurudisha hela kwa sababu hela ya pango haikuwemo kwenye bei, iliandikwa chini kwa herufi za sisimizi. Kwa hiyo tripu yenye watu 12 na yenye watu 40 si kitu kimoja, kabla hujalipa uliza idadi.

Napoli Kwetu alijibu:
Mi naishi huku mwaka wa tisa sasa, wageni wangu wote nawapeleka Capri mpaka nimechoka. Dada, kwenda wenyewe ni rahisi sana. Kutokea Napoli kuna boti za kasi pale Molo Beverello, kama dakika 50 umefika, na kuna meli za polepole za bei nafuu zaidi pale Calata Porta di Massa, hizo saa moja na nusu hivi. Kwa mama mi ningechukua meli kubwa, haidundi. Zile za kasi siku ya upepo zinaruka kama mbuzi na huruhusiwi kukaa nje, watu wanatapika hasa. Kutokea Sorrento ni karibu zaidi, nusu saa haifiki.

Ukifika Marina Grande palepale gatini kuna boti za wenyeji zinazozunguka kisiwa, zinaitwa giro dell'isola, unalipa yuro ishirini na kitu, boti pana, unapandia kwenye ubao wenye mtu wa kukushika mkono. Mnapita Faraglioni, yale majabali matatu yaliyosimama baharini, la katikati lina tundu na boti inapita ndani yake. Kisha mnapanda mjini na kitreni, mnatembea taratibu mpaka bustani ya Giardini di Augusto, dakika kumi hivi, na pale mama anaona yale majabali kwa juu. Siku imekwisha, mmetumia karibu nusu ya hela ile.

Chapati Mbili alijibu:
Nimesoma mpaka mwisho nikitafuta mtu aseme chakula ni how much lakini wapi, nyinyi watu wa Tanga mnakula bahari? Sasa sikieni, hapo Piazzetta usikae. Mimi niliketi nikaagiza kahawa na maji, bili ikaja nikadhani wameniandikia nambari ya simu. Kahawa wakitaka wanywe wamesimama kaunta, bei iko chini sana kuliko ya kuketi, hiyo ni Italia yote sio Capri pekee. Ama wabebe chapati kutoka Stuttgart.

Fundi Saa alijibu:
Natofautiana kidogo na Napoli Kwetu hapo juu. Mwongozaji mzuri ana faida, ila faida yake ni baharini, nchi kavu unaweza peke yako. Sisi tulipata nahodha kijana wa palepale, akatuonyesha juu ya genge magofu ya Villa Jovis, jumba la Tiberio. Huyu alikuwa mfalme wa Roma yote, mwaka 27 baada ya Kristo akahamia Capri na akaitawala dola nzima kutokea kisiwa cha kilomita za mraba kumi tu mpaka alipokufa mwaka 37. Unaangalia lile genge unajiuliza barua zilikuwa zinamfikiaje bahari ikichafuka. Akatuambia pia kwenye jabali la nje kabisa kuna mijusi ya rangi ya bluu, ipo hapo tu. Mjusi sikuuona, ila bila yule kijana ningepita nikaona mawe basi.

Tena boti ndogo inaingia kwenye vijipango na vighuba ambavyo boti kubwa haifiki. Villa Jovis kwa miguu msahau lakini, ni kupanda tu dakika 45 kutoka mjini, hilo goti litawashtaki.

Binti wa Makorora aliandika:
Asanteni sana wakuu, Chapati Mbili umenichekesha usiku kwenye zamu mpaka mgonjwa kaamka. Naona jibu linaelekea boti ndogo kwa bahari na nchi kavu tujiongoze. Ila bado hamjaniambia la pango. Nasikia mnalala chali ndani ya mtumbwi?? Mama alale chali?

Mzee wa Kasia alijibu:
Mi nilirudi mwaka uliofuata nikaingia (ubishi tu), kwa hiyo nakueleza nilichokiona. Boti yenu haiingii pangoni. Mnafika mlangoni mnakuta boti nyingine zimejaa zinasubiri, mnasubiri na nyie, mi nilisubiri saa moja na robo juani boti inayumba. Ikifika zamu yenu kinakuja kimtumbwi cha makasia cha watu wanne, mnahamia humo kutoka kwenye boti, na HAPO ndo penye goti, maana vyombo vyote viwili vinacheza na unatakiwa ukanyage chini ghafla halafu ukae sakafuni. Mnapelekwa kwenye kibanda kinachoelea mnalipa, mi nililipa yuro 18, beba keshi. Halafu mlango wenyewe. Kimo chake juu ya maji ni kama mita moja tu. Mpiga makasia anasubiri wimbi lishuke, anapiga kelele mlale, anashika mnyororo uliopigiliwa ukutani anauvuta kwa nguvu, nyote mko chali, mwamba unapita juu ya pua yako.

Ndani ni giza, halafu unageuza shingo. Aisee. Maji yanawaka kutokea chini kama kuna taa imezamishwa. Sababu yake ni kwamba chini ya ule mlango mdogo kuna mwanya mwingine mkubwa uko ndani ya maji, mwanga wa jua unaingia kwa huko, na maji yanakula rangi nyekundu yanabakisha bluu. Ukitia mkono unang'aa kama fedha. Mnazungushwa dakika tano hivi huku wanaimba, mnatoka, na bahashishi ya mpiga makasia usisahau, atakukumbusha mwenyewe.

Upepo ukitoka kaskazini magharibi panafungwa, na inaamuliwa asubuhi hiyohiyo, hakuna atakayekuahidi mapema. Anayekuahidi anakudanganya.

Napoli Kwetu alijibu:
Nyongeza ya mwisho naenda kazini. Pale Sorrento bandari iko chini ya genge na mji uko juu, msishuke kwa ngazi, kuna lifti pale bustani ya Villa Comunale inashusha mpaka chini kwa yuro moja hivi. Na vile viti vya kebo vya Anacapri (mji mwingine wa hapohapo kisiwani) vya kupanda mlima Monte Solaro, mita 589, ni vizuri mno ila kiti ni cha mtu mmoja na hakisimami, kinakuja kinakuchota matakoni. Wahudumu wanasaidia lakini mama mwenyewe ndo aamue. Na rafiki yangu, kabla hujalipa hiyo tripu waandikie uulize ngazi ya kupandia boti ikoje. Waambie wakutumie picha.

Binti wa Makorora aliandika:
Wakuu narudisha mrejesho kama nilivyoahidi, uzi ulishazama lakini mlinisaidia. Tulichukua boti ya watu 12 ya Sorrento. Picha ya ngazi walinitumia, ilikuwa na vipandio vitatu na bomba la kushika, nikalipa. Asubuhi tukashuka kwa lifti ile, mama kaingia na kanga yake kiunoni juu ya suruali ya michezo niliyomnunulia, kiatu cha raba, mkoba wenye tangawizi. Nahodha, mzee wa makamo, mikono imebabuka na chumvi, alimshika mkono akamkalisha nyuma kabisa karibu na usukani, hapo hapayumbi sana.

Hali ilikuwa shwari na pango lilikuwa wazi. Foleni saa moja na nusu. Mtumbwi ulipokuja mama akautazama, akautazama ule mlango, akasema "mie si mkate wa kutiwa tanuuni, nenda mwanangu". Nikaenda peke yangu. Mzee wa Kasia kila ulichosema ni kweli, hata bahashishi.

Sasa nimerudi nakuta nini. Mama na nahodha wanaongea. Huyu Kitaliano yule Kiswahili, hakuna hata neno moja wanaloshirikiana, na wanaongea. Nahodha alikuwa na pweza kwenye ndoo, kamnunua alfajiri kwa mwenzie, na mama anamwonyesha kwa mikono jinsi ya kumpigapiga kwenye jiwe mpaka alainike, pa, pa, pa, na yule mzee anakataa kwa kidole, yeye anamchovya kwenye maji ya moto kwanza, anamtoa, anamchovya tena. Wamebishana hivyo mpaka Faraglioni! Wazungu wengine kwenye boti wanarekodi. Tulipopita kwenye lile tundu la jabali mwongozaji akatangaza kwamba mkibusiana hapa ni bahati njema, mama akanibusu shavuni akasema haya, tuishie hapo.

Masaa manne ya kisiwani yalitosha. Foleni ya kitreni ndo ilituudhi, na watu kwa wingi jamani, ule mji una vichochoro kama vya Mji Mkongwe ila kila mlango ni duka la saa au mkoba wa bei ya kiwanja. Mizigo ya mahoteli inapita kwa vigari vya umeme vidogo, ukisikia kengele unajibana ukutani. Bustanini tulikaa kwenye benchi nusu saa bila kusema kitu, mama anaangalia maji.

Chakula, Chapati Mbili nisikilize: tulikula kwenye kichochoro mbali na Piazzetta, saladi yao ya caprese na samaki wa kuchoma, yuro 47 wawili pamoja na ile hela wanayokutoza kwa kukaa tu mezani. Saladi ni nyanya, jibini laini jeupe na majani. Mama kachukua jani kanusa, akanigeukia, "hii si rehani? Rehani ya vikuba ndo wanakula hawa?" Akafunga majani mawili kwenye leso. Hakuyala.

La kulalamika: mwongozaji alisema kwenye tangazo tungeogelea mara mbili, tukaogelea mara moja dakika kumi na tano kwa sababu ya ile foleni ya pango. Kama kwenye kundi lenu hakuna anayetaka pango, semeni mapema, mtapata muda wa bahari zaidi.

Chapati Mbili alijibu:
47 wawili? Mmeniibia siri ya hicho kichochoro, tuma ramani. Na mama alinunua nini cha kurudi nacho?

Binti wa Makorora aliandika:
Limau moja. Moja! Kubwa kama balungi, la Sorrento, kalibeba kwenye begi la mkononi mpaka Tanga kupitia uwanja wa ndege wa Dar, sijui aliwaambia nini forodhani. Jana kanitumia sauti ya dakika nne kwamba ganda lake ni nene, halina uchungu, kalikata lote kalitia kwenye achari na jirani kashaomba mbegu. Anataka nimuulizie yule nahodha kama pweza anachovywa mara tatu au nne.