Naomba ushauri: Nilinganishe vipi Kiassam na Kiuzbeki?

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa makala fupi ya isimu linganishi kuhusu Kiassam, lugha ya bonde la mto Brahmaputra kaskazini-mashariki mwa India, na Kiuzbeki cha Asia ya Kati. Ninafahamu kwamba hazina nasaba moja, kwani ya kwanza ni ya tawi la Kihindi-Kiarya na ya pili ni ya Kituruki. Hata hivyo zote huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi na hazina jinsia ya kisarufi.

Kinachonitatiza zaidi ni maneno ya kutajia jamaa. Mwassam husema "deuta" kwa baba yake mwenyewe, "deutara" kwa baba yako na "deutak" kwa baba wa mtu mwingine, ilhali Muuzbeki husema "otam", "otang" na "otasi", karibu kama sisi tunavyosema babangu, babako na babake. Je, mfanano huu niuchukulie kuwa wa kubahatisha, au nitafute athari za lugha jirani? Tena, ulinganifu wa irabu, yaani irabu za neno moja kulazimika kufanana kwa namna fulani, ambao ni sifa mashuhuri ya lugha za Kituruki, umepotea katika Kiuzbeki sanifu lakini umo katika Kiassam, jambo lililonishangaza kweli.

Neno letu kitabu nalo limo kotekote, "kitap" na "kitob", ila sidhani kama maneno ya mkopo yatanifikisha mbali. Wenye uzoefu, mngeanza na mofolojia (maumbo ya maneno) au fonolojia (mfumo wa sauti)?