Kwa nini figo ina majina mawili katika istilahi za tiba?

Muuguzi Mtarajiwa: Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma uuguzi mwaka wa kwanza na istilahi za Kiingereza zinanitatiza. Figo zikishindwa kufanya kazi husemwa "renal failure", lakini zikivimba kwa maradhi ni "nephritis", na upasuaji wa kuondoa figo ni "nephrectomy". Kwa nini kiungo kimoja kiwe na mizizi miwili, na je, ipo njia ya kuzielewa istilahi hizi badala ya kukariri orodha nzima?

Tabibu Mstaafu: "Ren" ni Kilatini, "nephros" ni Kigiriki, na yote mawili ni figo. Maandiko ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa kale, na baadaye ya tabibu mwenzake Galen, yaliandikwa kwa Kigiriki, hivyo majina mengi ya maradhi na ya upasuaji yakabaki na sura hiyo. Ilhali wanaanatomia wa Ulaya, akiwamo Vesalius aliyechapisha kitabu chake mwaka 1543, waliandika kwa Kilatini, na viungo vikaitwa kwa lugha hiyo. Mpaka huo huvukwa mara nyingi, lakini unasaidia. Wewe shika miishio: "-tomy" ni kukata, "-ectomy" ni kukata na kuondoa, na "-stomy", inayotokana na neno la Kigiriki la kinywa, ni kufungua tundu. Hapo "nephrotomy", "nephrectomy" na "nephrostomy" hutazichanganya hata ukiamshwa usiku wa manane.

Mpenda Ngeli: Niongeze kuhusu "-itis", ambayo naona Mswahili huielewa upesi kuliko Mwingereza. Katika Kigiriki kilikuwa kiishio cha kivumishi kilichopatana na nomino "nosos", yaani ugonjwa; "nephritis nosos" ni ugonjwa wa figo. Nomino ikadondoshwa, ikabaki "wa figo" peke yake, kama mteja anavyoagiza "ya rangi" na mwenye mgahawa akajua ni chai. Maana ya kuvimba ilijitokeza baadaye.

Nesi wa Zamu: Usisahau "hyper-" (kupita kiasi) na "hypo-" (pungufu), maana kuzichanganya wodini ni hatari. Sisi chuoni tulijisaidia kwa matamshi: "hypoglycaemia", sukari haipo! Kwa usahihi "hypo" ni chini, kwa hiyo sukari ya damu ipo ila imeshuka mno, na mgonjwa anayetetemeka huku akitokwa jasho aongezewe upesi. Vitabu vya Marekani huandika "hypoglycemia", bila ile "a". Neno ni lile lile.