Simu nimenunua mwenyewe, kampuni inaifuta: ni haki? Tujadili

Mleta mada

Wadau habari zenu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, naomba tulijadili kwa uzito wake. Mwajiri akitaka utumie simu yako binafsi kwa kazi zake, ana haki ya kujipa uwezo wa kufuta kila kilichomo akiwa hukohuko ofisini?

Nieleze yaliyonikuta. Nilipokuwa nafanya kazi hatukupewa simu, siku ya kwanza tu unaambiwa weka imeili ya ofisi kwenye simu yako maana wateja hawasubiri. Nikaanza kuweka, katikati ikatokea meseji ndefu, chini ina vitufe viwili, na kwenye ule mlolongo kuna mstari unasema msimamizi wa seva (kompyuta kuu ya ofisi) ataweza kubadili neno la siri, kufunga kioo na kufuta data zote. Nikabonyeza kubali, nyuma yangu watu wawili wanasubiri zamu yao na mimi mgeni, ningekataa vipi. Miaka mitatu baadae nikaacha kazi kwa amani kabisa, nikaaga, nikarudisha kitambulisho, niko njiani narudi nyumbani simu ikajizima, ikawaka yenyewe, inaniuliza nichague lugha. Kama ndo imetoka kwenye boksi.

Humo kulikuwa na picha za marehemu mama, na sauti moja aliyonirekodia akiwa amelazwa, ananikumbusha nisilale njaa. Bekapu sikuwa nayo. Nilivyowapigia nikajibiwa ndo utaratibu, mtu akiondoka simu inasafishwa, na wewe mwenyewe ulikubali.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni inayotaka kuitawala simu inunue simu. Hiyo ya kwangu nimeilipia mimi, naichaji mimi, bando langu, halafu ufunguo anao mtu mwingine?

Mchangiaji 1

Pole sana mkuu, hiyo ya sauti ya mama imeniuma kweli. Ila mi niko upande wa pili wa hiyo meza, nafanya IT mwaka wa 11 huu, acha niseme tunachokiona sisi. Simu zinapotea kila wiki, kwenye gari, kwenye harusi, mtoto kampa mwenzake. Ndani kuna orodha ya wateja, mikataba, namba za watu ambao hawakuwahi kukubali taarifa zao zizurure. Nikipigiwa saa nne usiku naambiwa simu imeibiwa, bila uwezo wa kufuta nakaa nasubiri tu mwizi abahatishe neno la siri.

Na kuna suala la Wi-Fi. Mwaka 2017 ilipogundulika kasoro ya KRACK, iliyomwezesha mtu aliye karibu kusoma yanayopita hewani, kwenye WPA2, ulinzi ambao karibu Wi-Fi zote za maofisini zilikuwa zinautegemea, kompyuta za ofisi tuliziweka sawa ndani ya siku chache. Simu za wafanyakazi je? Nyingine zilikuwa za zamani mtengenezaji alishaacha kuzipelekea masasisho ya programu, na zimeunganishwa kwenye mtandao uleule wenye mafaili ya uhasibu. Ndo maana sasa hivi simu binafsi naziweka kwenye mtandao wake wa peke yake, zinapata intaneti basi, seva hazizioni.

Ila kwa lililokukuta siwatetei. Android ina eneo la kazi linalojitegemea tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na iPhone wakaleta utaratibu wa namna hiyo kwenye iOS 13 mwaka 2019. Imeili na mafaili ya ofisi yanakaa upande wao, picha zako upande wako, mtu akiondoka nafuta upande wa kazi na mengine yote yanabaki. Kufuta simu nzima ya mtu aliyeaga vizuri ni uvivu wa aliyeweka mipangilio.

Mchangiaji 2

Mi niko mauzo, naona mnaongelea siku ya kuondoka wakati kinachotutesa wengine ni siku za kuwepo. Tangu imeili na magrupu ya kazi yahamie kwenye simu yangu, kazi haina mlango. Nakaa mezani na wanangu simu inalia, nikiigeuza kifudifudi mdogo ananiuliza mama hujibu? Kashajua ule mlio ni wa bosi. Kwani simu ingekuwa ya ofisi si ningeiacha kwenye droo ya ofisi?

Wenzetu wameandikia sheria. Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa zijadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima simu na imeili za kazi baada ya muda wa kazi. Ureno 2021 wakaenda mbali zaidi, kazi ikawa kwa mwajiri asimsumbue mfanyakazi muda wake wa mapumziko. Australia nao wameanza Agosti 2024. Na kuhusu bando, mahakama ya rufaa California iliamua mwaka 2014 kwamba mfanyakazi akilazimika kupiga simu za kazi kwa simu yake, mwajiri amrudishie sehemu ya gharama, hata kama kifurushi chake hakina kikomo na hakuongeza hata senti. Hapo ndo nilifurahi, maana hoja tunayopewa siku zote ni "si ungelipia tu hata hivyo".

Mchangiaji 3

Naomba nisikike na mimi, najua nitapingwa. Nina kampuni ndogo, tuko 14. Nilishawahi kununua simu za kazi, baada ya miezi miwili nusu ziko kwenye droo hazina chaji na watu wamerudi kwenye simu zao, hawataki kubeba mbili, na namba wanayoijua wateja ni ile ya zamani. Sasa mnaponiambia ninunue, nanunua kitu ambacho wenyewe hawakitaki. Na aliyenifundisha kuogopa ni kijana mmoja aliyeondoka na mazungumzo yote ya wateja kwenye WhatsApp yake, akayapeleka kwa mshindani. Nilibaki namwangalia tu.

Mleta mada

@Mchangiaji 3 sikupingi yote bosi, na huyo kijana alikudhulumu. Lakini angalia, hata ungeifuta simu yake ile jioni, alishapiga picha kioo siku nyingi. Anayetaka kuiba anaiba kabla hujajua anaondoka, anayekutwa na rungu ni mtu kama mimi aliyeaga na kupeana mikono. Kama unaogopa wateja wasiondoke na mtu, namba ya wateja iwe laini ya kampuni, hata kama inakaa ndani ya simu yake, simu nyingi siku hizi zinabeba laini mbili.

@Mchangiaji 1 nashukuru kaka, sikujua kabisa kama hilo eneo la kazi lipo, na ndo limezidi kuniumiza maana njia ilikuwepo. Kwa hiyo nalegeza kidogo nilichosema mwanzo: sio lazima mninunulie simu, ila kama mnatumia yangu basi mkae kwenye chumba chenu, mchangie bando, na ule mstari wa kufuta data mtu asomewe akiwa amekaa chini, sio kwenye foleni.

Mchangiaji 3

Nimesoma yote nikamwita anayetushughulikia kompyuta, tukafungua mipangilio pamoja. Kweli, imewekwa kufuta simu nzima, mi miaka yote hiyo nilidhani inafuta imeili tu. Na kwenye orodha bado kuna simu 3 za watu walioshaondoka, mmoja ana zaidi ya mwaka. Yaani kidole kikiteleza tu hapa wanapoteza kila kitu. Naziondoaje bila kuwadhuru?

Mchangiaji 1

Usiguse kitu kinachoitwa kufuta kifaa mkuu. Angalia kama mfumo wenu una chaguo la kufuta akaunti ya kazi peke yake, mingi inalo. Na kabla ya kubonyeza chochote wapigie hao watatu, waambie waweke bekapu leo na waitoe ile imeili wenyewe kwenye simu, ukishahakikisha wametoa ndo uwaondoe kwenye orodha. Ukikwama niandikie hapahapa, niko macho.