Corydoras wanakonda, chakula chote kinaliwa juu

Tenki_Kisasa:
Wakuu salaam. Nina tenki la lita 100 hapa Dodoma, ndani kuna gapi 15, Corydoras 6 (kambare wadogo wanaokaa chini) na pleko mmoja mdogo (kambare anayekwangua mwani). Chakula ni kile cha vipande vinavyoelea, asubuhi na jioni. Gapi wanashiba mpaka wanavimba, ila Corydoras wamebonyea matumbo na wawili ndevu zimekatika. Muuzaji alisema hawa wanajitegemea kwa mabaki. Niwape nini, saa ngapi, kiasi gani? Vidonge vya kuzama madukani hapa ni vya kubahatisha.

Fundi_wa_Filta:
Mkuu, hiyo ya mabaki isahau. Kwenye tenki lenye gapi 15 hakuna mabaki ya maana yanayofika chini, na kinyesi si chakula chao.

Lisha usiku. Kwanza warushie gapi chakula kidogo upande mmoja wa tenki, kisha zima taa. Baada ya nusu saa tumbukiza vidonge upande wa pili. Gapi gizani wanapoa, Corydoras ndiyo kwanza wanaanza kupekua. Kidonge kimoja cha upana wa sentimita moja kinatosha Corydoras watatu hadi wanne, kwa hiyo wewe weka viwili, na uvitenganishe ili mbabe mmoja asivikalie vyote. Kikibaki asubuhi, kitoe na upunguze usiku unaofuata.

Tumbo la Corydoras mzima, ukimtazama kwa ubavu, ni bapa au limejaa kidogo. Akila vizuri wiki tatu na bado limeingia ndani, hapo fikiria minyoo.

Mama_Gapi:
Kuhusu ndevu: angalia changarawe yako. Ikiwa na makali, au uchafu umeoza chini yake, ndevu zinaliwa na bakteria hadi shinani, na kambare asiye na ndevu hatafuti chakula, anapapasa tu. Weka mchanga laini wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi, kina cha sentimita 3 hadi 4. Ndevu huota tena kama shina halijafa.

Pleko ana sahani yake. Tango, boga au mchicha uliopitishwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, uubane kwa kijiko cha chuma ili uzame. Toa kabla ya saa 24. Muulize pia muuzaji ni pleko wa aina gani. Ancistrus, pleko wa aina ndogo, anaishia karibu sentimita 13, ila pleko wa kawaida anavuka 30 na hilo tenki litamshinda.

Tenki_Kisasa:
Asanteni. Je, dagaa wakavu wa soko la Majengo, au chakula cha kambare wa bwawani cha milimita 2?

Fundi_wa_Filta:
Cha bwawani kinafaa, tatizo kinaelea. Kiloweke dakika 15 kwenye kikombe cha maji ya tenki, kisha kiminye kwa vidole kikiwa humo humo majini mpaka viputo vya hewa viishe. Kinazama kama jiwe.

Dagaa wa chumvi usiguse. Wasio na chumvi waoshe mara tatu, maana wengi huanikwa chini na wamejaa mchanga. Toa vichwa. Usiwasage wakawa unga ukamwaga hivyo hivyo, maji yatachafuka na hakuna atakayeshiba. Loweka, saga na njegere zilizochemshwa, changanya na gelatini iliyoyeyushwa kwenye maji moto yasiyochemka, gramu 25 kwa nusu lita ya rojo. Mimina kwenye mfuko wa plastiki uwe mwembamba, gandisha, kata vipande vya ukubwa wa ukucha. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha.

Mama_Gapi:
Nyongeza moja. Maji ya visima vya huku ni magumu, yana chokaa, birika zenu zinajua, na maji ya aina hiyo mara nyingi huwa na pH ya juu, yaani hayana asidi. Maji yakiwa na pH ya juu, amonia ileile kutoka kwenye chakula kilichooza inakuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo kusahau kidonge si jambo dogo. Badilisha robo ya maji kila wiki ukifyonza chini kwa mpira. Na Juni na Julai, kama huna hita na maji yameshuka chini ya nyuzi 20, wape nusu ya kawaida. Kwenye baridi wanasaga chakula polepole sana.